Lori la Nanji na Magurudumu Yake ya Mbao

Abdulhalim Mtulia ana miaka hamsini na minane. Zaidi ya nusu ya umri huo ameumaliza mjini Kibiti akitengeneza mashine za kukoboa mpunga, pampu na pikipiki. Gari hajawahi kumiliki. Alilolitaka lilikuwa ndani ya ghala la ukoo wa Nanji tangu kabla hajazaliwa, kuku wakitagia juu ya kiti cha dereva.

Ni lori la miaka ya ishirini ya karne iliyopita. Babu wa Shabir Nanji, mwenye ghala wa sasa, alilitumia kupeleka chumvi, nguo na mafuta ya taa kwenye maduka ya vijijini, likarudi na mpunga. Mwaka huu Shabir aliuza kiwanja cha ghala. Mwezi wa Sita alimpa Abdulhalim sharti mbele ya watu.

"Fundi, likitoka hapa kwa nguvu zake hadi kwenye lami, lichukue. Lisipotoka, Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Tisa wakata vyuma chakavu wanaingia."

"Hadi lami tu, Shabir bhai?"

"Hata ukifika nalo Mbagala sikuzuii."

Kutoka ghalani hadi lami ni mita mia nne.

Injini haikumtisha. Ina silinda nne, haina betri wala pampu ya mafuta. Cheche hutoka kwenye magneti inayozungushwa na injini yenyewe. Petroli huteremka kwa uzito wake kutoka kwenye tangi lililo chini ya kiti. Maji ya rejeta hupanda yakipata moto na kushuka yakipoa. Nguvu huenda nyuma kwa cheni mbili, moja kila upande, kama za baiskeli. Huwashwa kwa hendeli ya mbele, na anayeizungusha sharti kwanza aicheleweshe cheche kwa kijiti kilicho kwenye usukani. Akisahau, hendeli hurudi kinyume na kumvunja mkono. Abdulhalim aliyajua hayo kwa kufungua na kufunga, na mwezi wa Nane injini ilinguruma.

Yaliyokufa kabisa yalikuwa magurudumu, yote manne. Mipira yake haijazwi upepo, nayo ilikuwa imepasuka lakini imeshika. Spoki za mbao ndizo zilizoliwa na mchwa. Kazi hiyo alimpa shemeji yake Nasibu, kaka wa mkewe Tatu, fundi wa mashua kutoka kijiji cha Mbuchi. Nasibu alichonga spoki arobaini na nane za mti wa mkongo, akazipachika kwenye vitovu vya magurudumu kwa nyundo ya mbao. Wembe usingepenya kwenye maungio.

Ila mbao hakuzikausha. Fundi wa mashua huchonga mti ukiwa bado na maji yake, kwa kuwa chombo kitaishi majini na maungio yatajibana yenyewe. Magurudumu yale yalikaa majuma sita chini ya bati.

Alhamisi kabla ya siku ya mwisho, Abdulhalim alitia gia. Lori lilisogea hatua mbili, magurudumu yakalia yote. Alizima, akashuka, akashika spoki moja. Ilicheza kama jino la mtoto.

"Shemeji, umenitengenezea kayamba."

"Mimi nimekuchongea gurudumu. Wewe ndiye uliyelikausha."

"Sasa ulitaka lori nilifunge gatini Nyamisati?"

"Mnazeeka mkibishana na mti," alisema Tatu, aliyekuwa amewaletea chakula.

Nasibu hakucheka. Alikuwa ameinama akikikagua kitovu. "Limelegea kwa kukauka," alisema. "Lirudi majini."

Jioni ile waliyafungua yote manne, wakayapeleka kwa guta la mizigo hadi kwenye bwawa la umwagiliaji na kuyazamisha kwa mawe. Jumamosi Nasibu aliingia majini hadi kiunoni, akagonga spoki moja moja akisikiliza. Jumapili saa nne asubuhi yalikuwa yamefungwa, yanachuruzika.

Abdulhalim alihofia zaidi magurudumu ya nyuma. Hayo ndiyo yenye meno ya cheni, na meno hayo yamefungwa kwenye spoki zenyewe, hivyo mvuto wote huanguka juu ya mbao. Alitia gia ya kwanza na hakuibadilisha. Jua lilikuwa kali. Katikati ya njia gurudumu la nyuma kushoto lilianza kutoa mlio.

"Simama, nilitie maji!" alipiga kelele Nasibu, akikimbia kando na ndoo.

Abdulhalim hakusimama. Kuondoka upya ndiko kunakozipinda spoki zaidi kuliko mwendo wenyewe. Nasibu alilimwagia maji likitembea, akarudi kuchota, akalimwagia tena. Magurudumu ya mbele yalipanda lami, kisha ya nyuma.

Shabir alizunguka lori mara moja. "Haya, lako. Linafikaje kwako?"

"Litavutwa."

Jumatatu wakata vyuma walichukua paa na nguzo za ghala.

Nasibu amepasua mkongo mwingine wa spoki mpya, ameuweka darini Mbuchi. Anasema utakauka kwa mwaka mmoja. Abdulhalim amemwambia asiuguse kabla ya miwili.