Ngata Iliyokauka Upesi

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, mimi na babu yako Athumani tukiteremka kutoka Makote na vyombo vyetu vyote vikiwa kichwani pangu. Ukungu ulikuwa mzito, nikawa naona mgongo wake tu. Au labda haukuwa mzito hivyo. Uzee nao una tabia ya kuongeza ukungu pale macho yaliposahau. Ninachokumbuka barabara ni kwamba tulitembea tukigusana, kidole changu cha mguu kwenye kisigino chake. Baada ya Vita vya Maji Maji simba walikuwa wamezoea nyama ya watu, na aliyebaki nyuma ya wenzake ndiye aliyeliwa. Ndivyo tulivyolelewa watu wa kule juu: shikaneni, msiachane, kidole kimoja hakivunji chawa.

Vita vilikuwa vimekwisha, na njaa iliyovifuata nayo ilikuwa imechoka kutula. Kaka wawili wa Athumani walikwenda vitani wamenyunyiziwa maji ya dawa, wakaimba, hawakurudi. Nawe unaijua mila yetu Wamakonde, mtoto ni wa mjomba. Watoto wote wa dada zake walikuwa na wajomba watatu, sasa amebaki mmoja, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajishauri kuota. Akajitwisha wote. Nilimpenda kwa hilo, na kwa hilo hilo nilimwogopea.

Upande wa Chiwata, tulikokuwa tukihamia, Mjerumani mmoja mwenye shamba alikuwa amejenga kiwanda cha kuchambulia pamba, juu ya mwinuko, na mto uko chini kabisa. Mashine yake ya mvuke ilikunywa maji kuliko kijiji kizima. Sisi wanawake tulipanda na mitungi kuinywesha. Athumani alipata kazi ya kushindilia pamba: anaingia ndani ya sanduku refu la mbao, wenzake wanamwaga pamba juu, naye anaikanyaga mpaka alasiri. Ukimtazama kutoka mlangoni ulikuwa unaona kichwa tu kinapanda na kushuka katikati ya weupe. Hata leo naota kichwa kile.

Kisha ukaja umeme. Bwana mwenye shamba aliagiza dinamo ya kuzalishia umeme, ikazungushwa na mashine ile ile, na pamoja nayo akaja Fundi Sefu, mzee wa Lindi aliyejifunzia kazi Dar es Salaam, mtu wa kanzu safi na maneno ya taratibu. Alifunga taa ya kwanza saa za alasiri, mvua inataka kunyesha. Ilipowaka hatukupiga kelele. Bibi mmoja wa Lisekese akaipungia mkono kama anayemuaga mtu. Sijawahi tena kuona mwanga mzuri namna ile, na sasa ninyi mnauwasha hata mkienda kutafuta kiatu.

Fundi alimchagua Athumani awe msaidizi wake saa asizokanyaga pamba. Babu yako akakubali mbio. Alfajiri alilima mashamba ya dada zake waliohamia nasi, mchana alikanyaga pamba, alasiri alivuta nyaya. Nilipomwambia apumzike alicheka, akasema, "Nitapumzika wakikua." Watoto wenyewe wengine walikuwa bado mgongoni.

Fundi alimfundisha sheria za kazi, nami nilizisikia nikipita na mtungi. Waya mmoja ukiwa peke yake penye hewa, hubeba mzigo wake wote. Ukiziweka nyingi ndani ya bomba moja la kupitishia nyaya, kila mmoja upunguziwe mzigo, kwa maana unapobeba umeme unapata joto, na joto la zote halina pa kutokea. Bomba likipita chini ya bati linalochomwa na jua, punguza tena. Na bomba lisijae hata nusu, hewa nayo inataka pa kukaa. Waya za taa zilipangiwa bomba lao, na waya nene za feni kubwa ya kupulizia pamba zikapangiwa lao.

Halafu Fundi akashikwa na homa, akalala. Bwana mwenye shamba alitaka feni izunguke haraka. Athumani naye alikuwa na shamba la dada yake linalosubiri jembe, mvua zimeshaanza. Akatazama yale mabomba mawili, akaona kazi ya mawili ni ya siku nyingi. Akazikusanya zote, za taa na za feni, akazipaka nta ya nyuki zipite, akazivuta ndani ya bomba moja hadi likashiba. Jioni aliniambia kwa furaha, "Nimezipitisha njia moja, zisindikizane." Nami nikaona sawa. Nani kwetu angemruhusu hata waya atembee peke yake?

Bomba lile lilipita ukutani, chini ya bati, nyuma ya sanduku la pamba, kisha likateremka karibu na mlango tuliopitia. Mimi nilikuwa na kawaida ya kutundika pale ngata yangu, ile kata ya nguo ya kuwekea mtungi kichwani, ipungue maji wakati tukisubiri safari nyingine. Siku zote niliichukua ikiwa mbichi. Siku feni ilipoanza kuzunguka, niliikuta imekauka kau, tena ina joto zuri, nikaiweka shavuni. Nilifurahi kama mtoto. Nikasema moyoni, umeme huu una huruma.

Siku hiyo hiyo nilimpelekea Fundi uji kibandani kwake, hatua chache nyuma ya kiwanda.

"Shikamoo, Baba Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Feni inazunguka?"

"Inazunguka. Tena bomba lako linanikaushia ngata. Sasa sina haja ya jua," nikasema nikicheka.

Alikuwa anataka kunywa. Kibakuli kikabaki hewani.

"Bomba lina joto?"

"Lina joto, Baba."

"Mumeo yuko wapi?"

"Ndani ya sanduku, anakanyaga."

Mwanangu, sijawahi kumwona mgonjwa akiinuka vile. Alitoka na shuka lake, miguu inamkataa, nami nikamshika kwapani. Tulipofika mlangoni ile harufu ikatupokea, harufu ya mpira wa waya unaoungua, na kwenye weupe wa pamba iliyogusana na bomba palikuwa na doa la rangi ya chai. Doa likawa linakua huku tukilitazama. Kichwa cha Athumani kilikuwa kinapanda na kushuka, hakijui lolote, feni inapiga kelele. Nikainua mtungi wangu nimwage.

"Maji ngoja!" Fundi akaushika mkono wangu. "Zima mashine kwanza! Zimeni!"

Sijui mashine ilichukua muda gani kunyamaza. Kwangu mimi bado haijanyamaza. Taa zikafifia nyekundu, zikafa, na moshi ukatoka kwenye doa ukawa mwali mdogo, mwembamba, unaochagua pa kwenda. "Sasa!" akasema Fundi, na sisi wanawake tukamwaga mitungi yote iliyokuwa ya mashine. Wenzake walimvuta Athumani kwa mikono miwili, akatoka mweupe kwa pamba na nyusi zimeungua. Nilimpiga kofi la bega, kisha nikamkumbatia mbele za watu, jambo ambalo siku zile halikufanywa.

Fundi aliketi juu ya furushi la pamba iliyoloa, anatetemeka kwa homa. Hakumfokea. Alifungua bomba, akamwonyesha waya zilivyoyeyuka zikashikana, haijulikani ipi ya taa ipi ya feni. Kisha akanigeukia mimi.

"Binti, mkipanda na maji jua la utosi, mnajaza mitungi mpaka mdomoni?"

"Hapana, Baba. Ya asubuhi tunajaza. Ya jua kali tunapunguza."

"Na mkiwa wengi kwenye njia ile nyembamba?"

"Tunaachiana nafasi. Tukibanana, akianguka mmoja tunaanguka wote."

Akamgeukia Athumani. "Umesikia, mwanangu? Kushikana ni kwa njia yenye simba. Kwenye mzigo watu huachiana hewa. Na kwa waya hizi sikulaumu, nakulaumu kwa nafsi yako. Ndugu zako wawili wamekufa, Mungu awarehemu, na mizigo yao yote umeitia ndani ya bomba moja. Huwezi kuwa wajomba watatu. Kuwa mmoja, udumu."

Babu yako akalia. Hakuwa amewalilia kaka zake tangu vita, maana hakuwa na nafasi ya kulia. Siku ile akawalilia wote wawili, pamba zikimshika machozini.

Tangu hapo tulipunguza. Shamba la dada mmoja tukampa shemeji alime, nami nikachukua malezi ya watoto wawili tu, wengine wakagawanywa kwa ndugu wengine wa upande wa mama zao. Watu walitusema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, waliuona mwepesi. Lakini watoto wote walikua, na Athumani aliishi hadi akakubeba wewe mabegani.

Juzi ulipokuja kuniaga, ulisema unakwenda Mtwara kufunga umeme kwenye nyumba za watu. Ukasema tena utamsomesha mdogo wako, utamjengea mama yako, utapanda mikorosho, na utaoa, yote mwaka huu. Nilicheka, ukadhani ninafurahi tu. Nilikuwa nanusa mpira unaoungua.

Basi nisikilize. Kwenye kazi yako, usijaze bomba kwa sababu waya zimekubali kuingia. Hesabu zilivyo nyingi, tazama joto la mahali, kisha punguza. Na kwenye maisha yako fanya hivyo hivyo. Kinachoingia si lazima kibebeke. Ukihisi joto, usilifurahie kama nilivyoifurahia ngata yangu. Mwambie mtu mapema, hata kama unaona ni jambo la kuchekesha, kwa maana kicheko changu kile ndicho kilichomwokoa babu yako.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe mzigo unaokufaa, akuondolee usio wako, na pembeni ya ule utakaoubeba akuachie hewa ya kuvuta. Na ukichoka njiani tua, hakuna simba siku hizi, mimi nitakungoja.