Mrija Alioukataa Ildefonsi

Kijiji kizima cha Kitanga kilijua kwamba Jumapili baada ya misa Ildefonsi hapatikani kwake. Aliyemtaka alipita nyuma ya kanisa, akashuka kijia cha migombani hadi uani kwa Reverien, na huko alimkuta ameketi kwenye kigoda, mrija mrefu mdomoni, wanaume wenzake wamezunguka mtungi wa urwarwa, ile pombe ya ndizi ambayo Reverien aliipika vizuri kuliko mtu yeyote upande ule wa Kasulu.

Hapo ndipo wiki ilipotua. Mtu aliyeshinda kulima maharage kwenye mteremko kuanzia Jumatatu alikuja hapo akanyoosha miguu. Waliogombania mpaka wa shamba walipatanishwa hapo. Aliyefiwa alichekeshwa hapo kwa mara ya kwanza tangu msiba. Na katika wote hao, mwenye ulimi alikuwa Ildefonsi. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, akakulia hapahapa, lakini Kirundi cha wazee kilimkaa mdomoni kama alizaliwa nacho jana. Posa ikifika kijijini, msemaji ni yeye.

Mtungi ule ulikuwa na sheria moja iliyokuja na wazazi wao. Mwenye pombe huonja kwanza, watu wamwone akimeza, ndipo ampe mgeni mrija. Anayepewa akaukataa, huwa amesema bila kutamka neno kwamba ndani ya mtungi mna kitu. Kuna koo ambazo hazijaamkiana tangu enzi za babu kwa sababu ya mrija mmoja uliokataliwa.

Maradhi yalimkuta Ildefonsi Kasulu mjini, Jumatatu, dukani kwa Mudathiri, mfanyabiashara aliyekuwa akimnunulia maharage kwa miaka mingi. Alikuwa anashusha gunia. Alihisi kitu cha moto kinapanda kooni, akageuka kando ili asichafue mzigo, akatapika damu. Haikuwa damu ya kutema. Ilikuwa nyingi, nyeusi, na ilitapakaa barazani hadi wateja wakakimbia. Mudathiri alimpakiza kwenye bodaboda, akapanda nyuma yake ili amshikilie, wakaenda hospitalini.

Daktari alimlaza, na alipopata nafuu alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mzee wangu, ini lako limeharibika," alisema. "Limekakamaa, ndiyo maana mishipa ya koo imevimba na kupasuka. Sehemu iliyobaki inaweza kukulea ukiitunza. Lakini pombe, basi. Sisemi upunguze. Hata kuonja usionje."

"Na nikionja kidogo tu, kwa heshima ya watu?"

"Siku utakayoanza tena kwa heshima ya watu, watu haohao ndio watakaokuzika."

Njiani kurudi nyumbani, kilichomtia baridi Ildefonsi hakikuwa ini. Aliikumbuka Jumapili iliyotangulia kuugua kwake. Alikuwa amekunywa kwa Reverien hadi jua likazama. Kesho yake akatapika damu. Mtu wa Kitanga akisikia mambo hayo mawili yamefuatana, hatauliza daktari alisema nini. Atauliza mtungi ulikuwa wa nani.

Alimweleza mkewe Esteri peke yake, mlango umefungwa.

"Waambie watu ukweli," Esteri alisema. "Ini ni ini."

"Mama Niyubahwe, ukweli huo utafika kwa Kipriani asubuhi, na mchana utakuwa umegeuka sumu. Reverien ana binti wa kuolewa. Nani atapeleka posa kwenye nyumba ya sumu?"

 Esteri alimjua Kipriani, jirani yao, mcheshi wa mtungini, ambaye habari ikipita mdomoni mwake hutoka imeota mapembe. Wakaafikiana kusema kwamba ni taifodi, na kwamba dozi haiendi na pombe. Mudathiri naye aliapa kutosema, akatimiza.

Dozi ilimkinga wiki za mwanzo. Lakini hakuna dozi isiyokwisha, na Jumapili ziliendelea kuja. Ildefonsi alirudi kanisani, akaketi chini ya paa la jiko lake, akasikiliza kicheko kikipanda kutoka migombani. Mikono yake haikujua pa kukaa. Alimkaripia Esteri kwa sababu ya chumvi. Alichonga mpini wa jembe ambalo halikuhitaji mpini. Mwili ulianza kupata nafuu, macho yaliyokuwa ya manjano yakaanza kuwa meupe, lakini usingizi ulimkimbia. Alikonda kuliko alipokuwa mgonjwa.

Jumapili moja alipanda bodaboda hadi mjini, akaketi na Mudathiri na wenzake barazani. Walimpa kahawa na kashata, wakampisha kwenye bao. Hakuna aliyemshangaa kwa kutokunywa, maana hakuna aliyekunywa. Aliwaonea wivu. Hata hivyo, walipocheka yeye alichelewa kucheka, kwa sababu utani wao ulihusu watu asiowajua. Alirudi nyumbani na shukrani moyoni, na upweke uleule.

Kijijini maneno yalikuwa yameshaanza. Kipriani alisema, kwa mzaha kama kawaida yake, kwamba Ildefonsi ameona kitu kwenye mtungi wa Reverien ambacho wengine hawajakiona. Watu walicheka. Jumapili iliyofuata, wawili kati ya waliocheka hawakwenda.

Ndipo Reverien alipokuja. Alikuja jioni bado kweupe, akakataa kuketi.

"Muvandimwe, ndugu yangu, umesikia nini kuhusu mtungi wangu?"

"Sijasikia kitu."

"Basi ni nini? Tumekunywa pamoja tangu tukiwa vijana. Nimekukosea?"

"Hujanikosea. Nimechoka tu, mwili haujarudi."

"Mwili haujarudi, lakini Kasulu kwa Waislamu unafika," Reverien alisema. Alitazama chini, akazungusha kofia mikononi. "Wakwe wa binti yangu Divine wanakuja kutoka Makere Jumamosi ijayo, kuleta inkwano. Nataka uwe msemaji wangu. Ukikubali, nitajua hakuna kitu. Ukikataa, nitajua kipo."

Inkwano ndiyo mahari kwao, na siku hiyo haifungwi kwa maneno matupu. Wageni huja na mtungi wao. Msemaji wao huonja, kisha humpa mrija msemaji wa upande wa binti. Huyo akinywa, mambo yamekubalika. Ildefonsi aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Alimtazama rafiki yake, akasikia mdomo wake mwenyewe ukijibu, "Nitakuja."

Esteri hakumgombeza.  Ijumaa tu ndipo alipouliza, "Utakunywa?"

"Sijui."

"Baba Niyubahwe, mimi nitakuwa palepale na wanawake. Nitakuwa natazama."

Jumamosi ua wa Reverien ulifagiliwa hadi ukang'aa. Wageni walishuka kwenye magari mawili, wakakaribishwa kwa nyimbo, wakaketishwa upande wa juu. Msemaji wao aliitwa Nsengimana, baba mkubwa wa bwana harusi, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Yeye na Ildefonsi walianza kurushiana mafumbo, na watu wakasahau jua. Nsengimana alidai amepotelewa na ndama, nyayo zake zimeingia ua huu. Ildefonsi alimjibu kwamba ua huu una ndama mmoja tu, naye hakuwahi kutoka, labda mgeni aeleze yeye alifungua lango la nani. Vigelegele vilipigwa. Reverien alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na kwa kitambo kile Ildefonsi alijisikia mzima kabisa, mzima kuliko dawa yoyote ilivyowahi kumfanya.

Kisha mtungi wa Makere uliletwa katikati. Nsengimana aliinama, akavuta, akameza polepole ili wote waone koo likishuka. Akafuta mrija kwa kiganja, akamnyooshea.

Ildefonsi aliupokea. Harufu ya ndizi iliyochacha ilimpanda puani na mate yakamjaa kinywani. Alifikiri, tone moja. Alifikiri pia kudanganya, aguse tu kwa mdomo bila kuvuta, lakini Nsengimana alikuwa anamtazama koo, kama desturi inavyotaka. Aliinua macho akamwona Esteri kati ya wanawake. Alikuwa amesimama, na wenzake wote walikuwa wameketi. Jirani yake alimvuta kitenge akae. Hakukaa.

Watu waligeuka kumtazama, kwanza wazee, kisha watoto.

"Mkwe wangu," Ildefonsi alisema, "siwezi kunywa."

Nsengimana hakukunja uso. "Nimeonja mbele yako."

"Nimekuona. Pombe yako ni safi. Mimi ndiye si mzima. Ini langu limeharibika. Nilitapika damu, daktari akanikataza hata kuonja."

"Lini ulitapika damu?"

Ildefonsi aliona swali lile likija tangu mbali, kama mtu anayeona mvua ikivuka bonde, na hakuwa na pa kujificha. "Baada ya mavuno ya maharage. Jumatatu."

"Na Jumapili yake ulikunywa kwa nani?"

 Aliyejibu ni Reverien. Aliinuka kwenye kiti cha baba wa binti, uso umekuwa kama majivu, akasema, "Alikunywa kwangu. Hapahapa mlipoketi."

Mnong'ono ulipita upande wa wageni. Mama mmoja wa Makere aliweka chini kikombe alichokuwa ameshika. Divine, aliyekuwa mlangoni akisubiri kuitwa, alirudi ndani. Ildefonsi aligeuka, akamtafuta mtu mmoja kwa macho hadi akampata.

"Kipriani, Jumapili ile ulikuwepo?"

Kipriani alitazama huku na huku. "Nilikuwepo."

"Ulikunywa mtungi gani?"

"Huohuo. Ulikuwa mmoja."

"Uliumwa?"

"Sikuumwa," alisema Kipriani, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Basi na wengine mliokunywa siku ile, mseme," Ildefonsi aliendelea, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Mtungi ule haukuniua. Mimi nilikuwa nakunywa kwa Reverien Jumapili, nanunua dumu langu Jumatatu, na siku nyingine nakunywa kabla ya uji. Mke wangu yule pale amesimama, muulizeni. Nilinyamaza ili jina la rafiki yangu lisichafuke. Kumbe kunyamaza kwangu ndiko kulikolichafua."

 Nzi walitua ukingoni mwa mtungi na hakuna aliyewafukuza.

"Nimekusikia," Nsengimana alisema hatimaye. "Sina ugomvi na nyumba hii. Lakini mdomo mkavu haufungi ndoa. Leteni msemaji mwingine."

Lilikuwa neno la haki, na lilimkata. Ildefonsi alimpelekea Kipriani mrija, kwa kuwa ndiye aliyemfuata kwa umri upande ule, akashuka kwenye kigoda cha msemaji na kwenda kuketi mkekani karibu na jiko. Kutoka hapo alimsikiliza Kipriani akijikwaa kwenye mafumbo, akikubali haraka mambo ambayo yeye angeyavuta hadi jioni. Lakini Kipriani alikunywa, na Divine aliposwa. Reverien hakumtazama tena siku ile.

Alikuja baadaye, wageni wakiwa wamekwisha kutulia makwao na maneno yamepungua. Safari hii aliketi.

"Ungeniambia mimi," alisema.

"Ningekuambia, ungefanyaje?"

"Ningekasirika. Ila ningekasirikia hapa kwako, tungemalizana, si mbele ya wakwe."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Kuna usiku nilijiuliza kama kweli kuna mtu aliyeingiza kitu kwenye mtungi wangu." Reverien alikohoa. "Jumapili njoo. Mama amesema atakupikia uji wa ulezi. Usipokuja utamjibu yeye mwenyewe."

Mama yake Reverien, bibi Ntirampeba, hakuwa mtu wa kujibiwa. Ildefonsi alienda. Halikuwa jambo jepesi. Kigoda chake kilikuwa na mtu mwingine, na kikombe cha uji mkononi mwake kiliwafanya wengine waangalie pembeni, kana kwamba amekuja na kitambaa cha msiba. Mmoja alimwita padre. Mwingine aliacha kabisa kuketi karibu naye, akisema macho ya asiyekunywa huhesabu vikombe vya wenzake. Kulikuwa na Jumapili ambazo harufu ilimzidi nguvu, akaaga mapema akarudi kumsaidia Esteri kupukuchua mahindi. Na kulikuwa na nyingine ambazo ugomvi wa mpaka uliletwa, watu wakabishana hadi wakachoka, kisha wakamgeukia yeye, kwa kuwa ndiye pekee aliyekumbuka jioni kilichosemwa mchana.

Kwenye posa hakuitwa tena. Hilo lilibaki kumuuma. Walimwita Kipriani, na Kipriani alianza kujifunza mafumbo, akawa anapita kwa Ildefonsi kumuuliza maneno ya zamani. Walipatana hivyo, bila kuyataja yaliyopita.

Siku moja walikuwa wanatoka pamoja kwa Reverien, jua bado liko juu. Kipriani alikuwa amekunywa kidogo kuliko kawaida. Walipofika penye daraja la magogo alisimama.

"Wewe, kabla ya ile damu," aliuliza, "mwili ulikuwa unakuambia nini?"

Ildefonsi alimtazama usoni vizuri, kwenye mwanga, akaona weupe wa macho yake umegeuka manjano.

"Tumbo linajaa upande huu?" aliuliza.

Kipriani alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa na mzaha wowote.

"Kesho asubuhi tunakwenda Kasulu," Ildefonsi alisema. "Nitakupitia mimi. Usimwambie mtu kwamba ni taifodi."