Gunia la Kogo Chepkurui

Kogo Chepkurui, bibi ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin, hakunywa chai kabla ya kusoma gunia lake. Kila jioni, kuku wakishapanda fito zao za kulalia, alitandaza chini yao gunia tupu la chakula cha kuku, alilolipasua ubavuni na kuligeuza upande mweupe ukawa juu. Asubuhi alilivuta nje kwenye mwanga, akachuchumaa, akashika kijiti na kuanza kupindua kinyesi kimoja kimoja. Mvua ikinyesha alijifunika karatasi ya nailoni. Siku ya Krismasi alikuwa pale pale. Hata asubuhi ya kumzika mumewe, ua umejaa waombolezaji na birika linazunguka, akina mama wa kanisa walimkuta nyuma ya nyumba na gauni lake jeusi, kijiti mkononi. Walidhani huzuni imemvuruga akili. Sivyo. Mzee alikuwa ameshakufa. Kuku walikuwa hai, na mmoja wao alikuwa ameanza kutoa cheupe chenye maji.

"Kuku ni kama watu wa kanisani," alizoea kusema. "Kila mmoja ana kiti chake." Na kwa kuwa kila kuku alilala mahali pale pale kila siku, yeye alijua kinyesi hiki ni cha nani na kile ni cha nani, bila kuuliza mtu.

Njoki alihamia jirani yake, huko Kiamunyi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na mabegi mawili, na godoro, na stashahada ya afya ya mifugo iliyoviringishwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alitoka Kihoto, Naivasha, ambako ziwa lilipanda mpaka likaingia sebuleni na banda lake la kuku sitini likaelea kama boksi. Mumewe alisema anakwenda kutafuta nyumba ya kupanga. Aliipata, ila haikuwa na nafasi ya Njoki. Sasa alikuwa ameajiriwa katika duka la agroveti mjini Nakuru, akiuza mbegu na dawa za minyoo, na jioni alirudi kwenye vyumba viwili ambavyo vilitenganishwa na ua wa Kogo kwa wigo wa michongoma tu.

Wiki ya kwanza alichungulia juu ya michongoma akaona, katikati ya gunia jeupe, rundo laini la rangi ya kahawia, linalonata na kunuka.

"Shikamoo, Kogo. Huyo anaumwa tumbo. Mimi ningempa dawa leo."

Mwanamke mzee hakuinua kichwa. "Wewe ni nani?"

"Naitwa Njoki. Nimehamia hapa. Nimesomea mifugo."

"Ulisomea wapi, mahali hakuna kuku?" Kogo akachota lile rundo kwa ncha ya kijiti akalinyanyua ili Njoki alione vizuri. "Hii inatoka kwa vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo. Ukihesabu mara nane, tisa, lazima moja iwe hivi. Isipotoka, hapo ndiyo uje na dawa zako, daktari wa karatasi."

Njoki aliona aibu, kwa sababu alilijua jambo hilo. Aliwahi kuulizwa kwenye mtihani, na alijibu vizuri. Ila kitabuni halikuwa na harufu.

Tangu siku hiyo alipita pale kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Alifunzwa kwamba kinyesi kizuri husimama chenyewe na huvaa kofia nyeupe. Kwamba povu la manjano si la kupuuzwa. Kwamba kijani ni mbili. Kuna kijani cha sukuma wiki, chenye nyuzi nyuzi, ambacho hakina neno. Na kuna kijani cha maji matupu, kinachong'aa, nacho ni nyongo ya kuku asiyekula.

"Huyo unaweza kumwona asubuhi anadonoa na wenzake, kichwa juu, kichwa chini," Kogo alisema. "Anadonoa mchanga. Mbele anakudanganya. Nyuma hawezi."

Hawakuwa na maongezi mengi zaidi ya hayo. Njoki hakusema habari za mumewe, wala Kogo hakusema za mzee wake. Lakini Njoki akiwa kazini, akipanga chupa kwenye rafu, alijikuta akingoja kesho yake, na hilo lilikuwa limempotea kwa muda mrefu.

Baada ya mvua ndefu kuanza, Kogo alianza kuona kizunguzungu. Alipopimwa kliniki aliambiwa damu imepungua sana. Ale mboga, maini, maharagwe, bitiruti. Mwanawe wa pekee, Kigen, aliyelima ngano na viazi Mau Narok, akapiga simu, na Njoki akayasikia yote kwa sababu Kogo aliongea na simu kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde.

"Mama, mwisho wa mwezi utapimwa tena. Damu isipopanda nakuja na pikapu. Huwezi kuanguka huko peke yako."

"Sianguki."

"Kuku tutauza."

"Uuze ngano yako! Nyumba hii baba yako aliijenga kwa mikono yake. Mimi nikitoka hapa nitatoka nimebebwa."

Akakata simu. "Umesikia," akamwambia Njoki. "Nina mwezi mmoja wa kutengeneza damu."

Basi Njoki akajitwika kazi hiyo. Kila jioni alipika viazi na maharagwe, akaviponda pamoja na bitiruti mpaka chakula chote kikawa chekundu, akajaza bakuli la bluu na kulipitisha juu ya michongoma. Kila asubuhi bakuli lilirudi limeoshwa, na ndani yake yai moja, maana Kogo hakuwa mtu wa kurudisha chombo kitupu. Yeye mwenyewe Njoki alikula kilichobaki sufuriani, amesimama kando ya jiko.

Siku zikapita na bakuli likawa linarudi safi, lakini gauni la Kogo lilizidi kumpwaya. Jambo jingine lilibadilika. Njoki akifika asubuhi, alikuta gunia limeshaoshwa, limeanikwa kwenye waya, linatiririka maji.

"Nimeangalia mapema," Kogo alisema. "Wako sawa. Nenda kazini."

Kukiwa kumebaki siku kumi na moja mwezi uishe, Njoki alimkuta amekaa kizingitini, ameegemea mlango, rangi imemtoka. Gunia lilikuwa bado bandani.

"Nilivute nje, Kogo?"

"Liache."

Lakini Njoki alikuwa tayari ameshainama. Akalivuta mwangani. Gunia lote lilikuwa na mabaka mekundu.

"Kuhara damu! Kogo, ni wote! Wote kumi na mmoja!"

Alingoja matusi, aitwe daktari wa karatasi. Kogo aliangalia upande mwingine. Njoki akachukulia kwamba ameishiwa nguvu kwa hofu. Alimshika mkono akamwingiza ndani, akampa maji, kisha akakimbilia dukani kuchukua dawa.

Alipokuwa anainua mkono kwenye rafu, mteja wa kwanza aliingia, mwanamume mwenye viatu vya gambuti vyenye matope. "Daktari, nipe ile ya kuhara damu. Wangu wamejikunyata kama wamenyeshewa, mabawa yanaburuta chini, hata maji hawataki."

Mkono wa Njoki ukasimama hewani. Kuku wa Kogo hawakuwa wamejikunyata. Asubuhi ile walikuwa wakirukia viatu vyake, wakigombania kamba. Na ule wekundu, sasa alipouona tena akilini, haukuwa wa damu. Damu ingekuwa imeganda, imechanganyika na ute. Huu ulikuwa wa zambarau kidogo, umeingia mpaka kwenye zile kofia nyeupe ukazitia rangi, kama kitambaa kilichofuliwa na nguo inayochuja.

Alimpa yule mtu dawa yake, akamwomba mwenzake amshikie duka, akarudi Kiamunyi.

Kogo alikuwa kizingitini tena. "Umeleta dawa?"

"Sijaleta."

"Imeisha?"

"Kuku hawaumwi, Kogo. Kuku wanakula bitiruti."

Kogo aliangalia mikono yake. Kisha akasema, karibu kwa furaha, "Kumbe umejifunza."

"Usinicheke. Wiki tatu! Unataka kuhamishwa?"

"Sitaki." Akaelekeza kidole ndani, mezani. "Siku ya kwanza niliweka bakuli mezani, nikaketi. Nikaona kile kiti cha mzee, upande ule. Nikafunika bakuli. Nikajiambia, kesho. Kesho yake ikawa vile vile. Chakula cha mtu si cha kutupwa, nikaona heri wenye hamu wale."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba mwanamke mzima anaogopa sahani?" Sasa ukali wake wa zamani ulirudi. "Na wewe je? Nakuona dirishani. Unakula umesimama hapo kwa jiko, kijiko mkononi, kama askari wa zamu. Mimi nimekuuliza? Sikukuuliza."

Njoki alirudi kazini. Jioni ile hakupitisha bakuli juu ya michongoma. Alizunguka kwa lango na sufuria nzima, akaketi kwenye kile kiti cha upande ule, wakala. Kogo alikula vijiko vitano. Kesho yake alikula tisa, akalalamika kwamba Wakikuyu hawajui kiasi cha chumvi. Siku ya nne akaomba aongezwe. Gunia likarudi kuwa la kahawia na kofia nyeupe, na wote wawili walilichungulia asubuhi bila kusema neno kuhusu hilo.

Lakini siku kumi na moja ni chache kwa damu ya mtu wa miaka sabini na minane. Mwisho wa mwezi ilipimwa ikaonekana imepanda, ila kidogo tu. Pikapu ya Kigen ilikuwa imeshaegeshwa nje. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa amelala macho kwa wasiwasi, na alimwekea mama yake mto na blanketi kwenye kiti cha mbele. Njoki alijaribu kumweleza kwamba sasa anakula. Kigen alimsikiliza kwa heshima na kutikisa kichwa.

"Mwache," Kogo akamwambia Njoki. "Siku zangu za kutengeneza damu niliwalisha kuku mwenyewe." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na hao kuku hawauzwi. Ni wa huyu."

Kwa hiyo kuku walibaki na Njoki, na gunia, na kijiti. Kila asubuhi alipiga simu Mau Narok na kumsomea Kogo gunia, fito moja baada ya nyingine, na Kogo akamsahihisha kutoka mbali. Kule mezani walikuwa watu tisa, na alikula vizuri. Kigen mwenyewe alisema hivyo. Ila Mau Narok ina baridi, na mwezi wa Julai baridi hiyo ilimwingia kifuani. Alizikwa kule, katika shamba la mwanawe, mbali na nyumba aliyojengewa na mumewe. Asubuhi ya mazishi Njoki alichuchumaa kwanza nyuma ya nyumba ya Kiamunyi, na gauni lake jeusi, akasoma mpaka fito ya mwisho.

Mara ya mwisho waliongea siku mbili kabla Kogo hajafa. Sauti ya Kogo ilikuwa nyembamba, na upepo ulisikika kwenye simu. Njoki alimaliza kumsomea. Wote walikuwa sawa. Yule mwekundu mkubwa alikuwa ametoa ile laini ya kunuka.

"Vizuri," Kogo alisema. "Na wewe umekula?"

"Nakula sasa hivi."

"Umekaa?"

Njoki alikuwa amesimama kando ya jiko, sufuria mbele yake, kijiko mkononi. Alinyamaza, na mtu aliyezoea kusoma yasiyosemwa akausoma unyamavu huo.

"Leta kiti," Kogo akamwambia. "Leta, mimi niko hapa, nakungoja."