Viatu vya Klabu ya Chumvi

Bibi Paulina wa Ihumwa, Dodoma, alikuwa amesema uongo mwingi maishani, na wote uliaminiwa. Alisema aliwahi kumkamua fisi, watu wakauliza maziwa yake yana ladha gani. Alisema mwaka wa njaa kubwa walichemsha jiwe siku tatu likaiva upande mmoja, watu wakatikisa vichwa wakasema kweli njaa ile ilikuwa kali. Habari yake moja tu ndiyo iliyokataliwa na kila mtu, na ndiyo pekee iliyokuwa ya kweli: kwamba ujanani, miaka hamsini na ushei iliyopita, alifanya kazi kwenye klabu ya rokenroli ufukweni Tanga, iliyoitwa Klabu ya Chumvi.

"Wewe?" wifi yake Loisi humwuliza kila mara. "Mgogo wa Bahi, kwenye rokenroli?"

Loisi ni mdogo wa marehemu Meshack, mume wa Paulina, na baraza lake ndilo mahali pa kubangua karanga za mbegu. Kila Novemba, kabla mvua haijaanguka, wanawake wa mtaa hukusanyika pale na mabeseni. Mbegu hubanguliwa kwa mkono, moja moja, kwa sababu mashine huzivunja, na iliyovunjika haioti. Ni kazi ya kuchubua vidole hadi kushika kikombe cha chai kunauma. Desturi yao ni moja: anayesimulia habangui. Basi Paulina alikuwa amemaliza miaka kumi na tisa bila kugusa ganda, ameketi kwenye kigoda juu ya wenzake, anatafuna mbegu zao na kuwalipa kwa maneno.

Siku hiyo aliwapeleka Tanga. Alikwenda huko akiwa na miaka kumi na saba, kumlelea dada yake mtoto, shemeji yake akikata mkonge. Alipoiona bahari mara ya kwanza alisimama akaitazama sana. Kwao Bahi maji yakitanda namna ile, watu hupanda mpunga. Akamwuliza shemeji yake, "Hili jaruba la nani, na mbona limeachwa bila kulimwa?"

Kisha akapata kazi klabuni. Mwenye klabu, Mzee Makame, alikuwa na sakafu nyekundu iliyosuguliwa kwa nta hadi ukicheka unaona meno yako chini. Hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga na viatu. Vijana walikuja Jumapili mchana na suruali zao za bugaluu zinafagia barabara, wakafika mlangoni, wakavua, wakavipenyeza viatu kwenye kidirisha kilichokuwa chini kabisa kama mlango wa banda la kuku. Nyuma ya kidirisha ameketi Paulina, anavipokea na kuvipanga rafuni. Wao wakaingia kucheza miguu mitupu.

"Gitaa likianza kulia," alisema, "mimi huko ndani navivaa viatu mikononi, cha kulia huku, cha kushoto huku, navichezesha ukutani. Viatu vya karani wa posta vilikuwa vinacheza kuliko karani mwenyewe."

Wanawake walicheka, na hapo angenyamaza. Lakini ulimi wake haujui breki.

"Siku moja akaja pweza. Akaleta viatu vinane, jozi nne, vyote vimepigwa rangi. Akacheza twisti na wasichana wanne kwa mpigo."

Loisi akaweka ganda chini. "Haya. Hapo hapo ndipo unapoharibu."

"Nimeharibu nini?"

"Hujawahi kufika Tanga, wifi. Bahari umeiona kwenye kalenda."

Anifa, jirani mpya aliyehamia Dodoma na wizara yao, aliinua kichwa kutoka kwenye beseni. Hakuwa mbanguaji hodari, alikuwa bado kwenye kikombe cha kwanza. "Umesema Klabu ya Chumvi?" akauliza. "Mbona baba yangu amepiga gitaa hapo. Yupo kwangu tangu juzi, amekuja kukaa."

Baraza zima likaacha kubangua. Uso wa Loisi ulichanua.

"Mlete kesho," alisema. "Wifi, sikiliza. Huyo mzee akikutambua, nitakuamini mpaka na pweza wako. Asipokutambua, unashuka kwenye kigoda, unakaa mkekani na kubangua kama sisi. Mwaka huu na miaka yote itakayokuja."

"Mlete," alisema Paulina, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi.

Wasiwasi alikuwa nao, na si wa karanga peke yake. Habari ya fisi mtu akiikataa, unamtungia nyingine. Lakini ile miaka miwili ya Tanga ilikuwa mali yake, na hakuwa na picha wala barua wala mtu wa kuishuhudia; dada yake alikwishafariki. Na huyu ajaye, aliyekuwa pale pale, akisema hapana, basi hata yeye Paulina angeanza kujiuliza kama hakuitunga. Tena alijua jambo ambalo Loisi hakulijua. Katika ile miaka miwili hakuna aliyewahi kumwona uso. Kidirisha kilikuwa chini. Watu waliona mikono tu.

Kesho yake Mzee Mbwana, baba yake Anifa, alifika amevaa kofia ya kiua, mwembamba, ananukia udi. Paulina akamwamkia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama."

Loisi hakumpa hata nafasi ya kukaa. "Mzee, mtazame huyu vizuri. Ulikuwa naye Klabu ya Chumvi?"

Mzee Mbwana akamtazama Paulina, akavaa miwani, akamtazama tena. Alikuwa mtu wa haki.

"Hapana," akasema. "Nawakumbuka wote wa pale. Namkumbuka mpishi, namkumbuka mlinzi, namkumbuka mpaka mbwa wa mlinzi, aliitwa Simba. Huyu mama simjui."

"Hata mbwa," alisema Loisi polepole, akanyoosha mkono kukichukua kigoda.

"Ngoja," alisema Paulina. "Mzee, ukimaliza kupiga, viatu vyako ulipewa na nani?"

"Vilitoka dirishani."

"Vinatoka vyenyewe?"

Mzee akafikiri. "Kulikuwa na mikono."

Paulina akamnyooshea mikono yake. Mzee akaitazama kwa huruma. "Mama, mikono ya mabibi wote iko hivi."

Wanawake wakacheka. Paulina naye alicheka, ila kicheko chake kilikatika njiani. Alikuwa na ushahidi mmoja tu, na alikuwa ameuficha maisha yake yote, kwa sababu ulikuwa ushahidi wa kosa.

"Ulivaa viatu vya mchongoko vya rangi mbili," alisema, "vyeupe mbele, vyeusi nyuma. Unavyo bado?"

Anifa ndiye aliyejibu. "Anavyo. Vimehama nasi nyumba nne, kwenye boksi lao. Mama amegombana navyo mpaka anafariki."

Alikwenda kuvileta. Wakati anakwenda, Paulina alikiri. Mzee Makame alikuwa amempa vibati vya namba, kila jozi na namba yake, naye namba hazijui, shuleni hakukanyaga. Watu akawajua kwa sauti zao dirishani, na viatu vyao akawa anavishika kwa kichwa. Lakini vijana wote wa Tanga walikuwa wakinunua viatu kwenye duka moja. Jozi arobaini zinafanana kama mapacha. Jumapili moja akampa karani viatu vya mpiga ngoma, wakavutana mashati mlangoni, na Mzee Makame akamwambia akirudia tena atapanda treni ya kurudi kwao.

"Nikawaza, baba yangu naye namba hajui. Ng'ombe wakichanganyika kwenye maji pale Bahi, anawatoaje wake? Anatazama masikio. Kila zizi na mkato wake."

Mzee Mbwana akavua miwani. "Mama, usiniambie."

"Nikanunua wembe."

"Usiniambie."

"Kila jozi nikaikata ulimi, kwa ndani, mahali mwenyewe hatazami. Mmoja mkato mmoja, mwingine miwili, mwingine kushoto, mwingine kulia. Sikukosea tena hata siku moja." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Mia mbili na kitu. Vyako ni cha kushoto, chini ya kamba. Mikato miwili imekutana kama pembe, na mmoja wa mshazari katikati."

Boksi likafika. Mzee akafungua kamba taratibu, kama mtu anayefungua barua ya msiba, akaukunjua ulimi wa kiatu cha kushoto. Mikato miwili imekutana kama pembe, na mmoja wa mshazari katikati.

"Nilisema panya," alisema Mzee Mbwana. "Miaka yote hii nasema panya. Nimefuga paka watatu kwa ajili ya hiki kiatu."

Baraza lilicheka mpaka karanga zikamwagika. Aliyekuwa hacheki ni Loisi. Alikuwa amekichukua kiatu, anaigusa ile alama kwa kidole. Alipokuwa na miaka minane alitembea na ng'ombe wa mahari ya kaka yake hadi kwa baba yake Paulina, na alilia sana walipomkata sikio ng'ombe mwekundu aliyempenda. Aliukumbuka ule mkato.

"Wifi," alisema, "hii ni alama ya zizi la baba yako."

"Ndiyo."

"Na wale mia mbili wengine uliwakata hii hii?"

Paulina akatazama karanga. "Wale niliwakata mikato ya kawaida tu."

"Huyu peke yake."

"Alikuwa anapiga gitaa vizuri," alisema Paulina.

Mzee Mbwana aliwatazama wote wawili. "Hiyo alama maana yake nini?"

"Maana yake, mzee," alisema Loisi, "popote ulipopotelea, anayekuokota akurudishe kwao huyu. Ulikuwa ng'ombe wao kabla ya ng'ombe wetu kufika."

Mzee akatabasamu. "Basi walionikuta njiani wamenichelewesha sana."

Loisi akakisukuma kigoda kwa mguu mpaka kwa Paulina. "Kaa. Umeshinda. Lakini niliapa kuamini mpaka na pweza, na kiapo kile kinanikwama kooni." Akamgeukia mgeni. "Mzee, wewe ulikuwepo. Kweli pweza alikuja na viatu vinane?"

Paulina ghafla alipata kazi kwenye ganda moja, la kwanza kulishika kwa miaka kumi na tisa. Mzee Mbwana alikitazama kiatu, akautazama mkato, akamtazama Paulina muda mrefu.

"Vinane?" akasema. "Hapana. Hapo mama anatia chumvi. Mimi nakumbuka saba. Cha nane alikuwa anakitafuta mpaka tunafunga, na akamlaumu huyu huyu wa dirishani."

Loisi akamtazama, akamtazama na wifi yake. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha pili. Akakiweka kando ya kile cha kwanza, akarudi mkekani, akavuta mabeseni mawili mbele yake, lake na la wasimulizi, na kuanza kubangua.