Siku Niliyopiga Magoti Kitui

Kwetu Usukumani msichana hamwamkii mkubwa akiwa amesimama wima kama mlingoti. Unapiga magoti, unainamisha kichwa, ndipo unatoa shikamoo yako. Mama yangu hakuwa na mzaha na jambo hilo. Sokoni, njiani, hata penye tope, goti lazima liguse chini. Kwa hiyo nilipovuka mpaka kwenda kusoma Kenya, magoti yangu nilisafiri nayo.

Nilikuwa na hofu moja tu, lakini ilikuwa kubwa. Hosteli za chuo zilikuwa zimejaa, na mwalimu aliyetutafutia makazi sisi wa kutoka nje alikuwa amenipatia familia moja tu, nje kidogo ya mji wa Kitui. Mama mwenye nyumba alikubali mara moja. Mzee ndiye aliyesita. Alisema binti wa watu si mchezo. Akipatwa na jambo, atawaambia nini wazazi wake? "Aje kwanza tumwone," ndilo lililokuwa jibu lake. Wangenikataa, ningerudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Mama yangu alikuwa Shinyanga na simu yake mapajani, akisubiri nimwambie jioni kama nimepokelewa.

Bodaboda iliponishusha, nilikuta watu watatu wamesimama uani: mzee aliyevaa kofia na miwani, mkewe aliyejifunga leso, na binti yao wa sekondari. Nikaweka begi chini. Nikapiga magoti kwenye udongo mwekundu, nikainamisha kichwa. Shikamoo yangu haikupata hata nafasi ya kutoka mdomoni.

"Asante Yesu!" mama akapaza sauti, na papo hapo naye akapiga magoti. Mzee akavua kofia, akashuka polepole huku ameshika kiuno. Binti akafuata. Wale walikuwa watu wa kanisa kwelikweli, na walichokiona ni mtoto aliyetoka nchi nyingine ambaye, kabla hata ya kuomba maji ya kunywa, ameshuka chini kumshukuru Mungu kwa safari. Mama akaanza kuomba. Aliliombea basi lililonileta na dereva wake. Aliombea mvua, mahindi, ndengu, chuo, rais wao na rais wetu. Nilifungua jicho moja nikakuta binti naye amefungua lake, tukauma midomo ili tusicheke. Magoti yalikuwa yakiniwaka moto.

"Amina!" mzee akasema, akainuka akijipangusa. Uso wake ulikuwa umekunjuka. "Kumbe ni mtoto wa maombi! Karibu, mwiitu."

Binti alininong'oneza kwamba hivyo ndivyo Wakamba wanavyomwita msichana wao. Nilifurahi hadi nikasahau uchovu, kisha nikakumbuka kwamba nimekaribishwa kwa jambo ambalo sikulifanya. Mimi kusali nasali, lakini sala zangu ni fupi kama za mtu anayewahi gari.

Mchana kutwa mambo yakazidi kunoga. Jirani mmoja alikuja, mzee akamwambia, "Huyu ametoka Tanzania yote hiyo, na kitu ya kwanza ni maombi!" Jirani wa pili alipokuja, nilikuwa tayari nimepangiwa kuongoza maombi ya akina mama siku ya Alhamisi. Kila sifa ilinishusha moyo. Nilijua nikinyamaza nitalala pale kwa raha, na nikisema huenda nisilale kabisa. Lakini nani angeweza kuomba kila siku kwa dakika zile zote? Uongo ule ulikuwa na kazi nyingi kuliko chuo chenyewe.

Jioni tuliletewa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda na kupikwa na maharagwe, yananukia vitunguu. Mzee akanigeukia. "Haya, mtoto wa maombi, tuombee chakula."

Nikasema haraka kabla sijaogopa. "Baba, pale uani sikuwa naomba. Nilikuwa nawaamkia. Kwetu mtoto humpigia mkubwa magoti."

Binti aliacha kijiko hewani. Mimi nilikuwa nikimwona mama yangu na simu yake mapajani, nikatamani kulia.

"Kwa hivyo," mzee akauliza, "hiyo magoti ilikuwa ya nani?"

"Yenu, baba. Wewe na mama."

Mama ndiye aliyepasuka kwanza. "Ngai! Na vile niliomba! Si niliombea mpaka rais!" Alicheka akijipigapiga paja, binti akaangukia begani mwake, nami nikacheka machozi yakinitoka, sijui ya kicheko au ya woga. Mzee peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati bila haraka.

"Na baba yako unamsalimia hivyo?"

"Kila asubuhi, baba."

"Wangu wakubwa wako Nairobi," akasema. "Wakinipigia ni, 'Mzee, uko aje.' Basi." Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichotoka tumboni, kikamtikisa mabega. "Kumbe nilipigiwa magoti kwangu, na nikaachia Mungu salamu yangu!"

Aliomba yeye mwenyewe, kifupi, kwa sababu muthokoi ulikuwa unapoa. Tulipomaliza kula akaninyooshea mkono. "Piga namba ya mama yako."

Nikapiga. Mama alipokea kabla simu haijalia mara ya pili. Nilipofungua mdomo, mzee akaichukua simu mkononi mwangu.

"Mama," akasema, "wewe lala tu. Msichana amefika kwao."