Boksi la Rangi ya Mtumbwi

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha, ikichanganyika na moshi wa lehemu, hunirudisha kijijini kwetu Mpepai haraka kuliko picha yoyote. Msimu ule maganda yalirundikana nyuma ya nyumba ya Baba Mdogo Kasiani, na mbele, barazani, yeye alipanga valvu juu ya gunia kwa uangalifu, kama mama anayepanga mayai. Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kuingia kwa wingi. Mbinga mjini zilianza kuonekana redio kaseti nyepesi zenye taa za rangi, na watu waliokuwa na redio kubwa za zamani, zile za mbao, walimletea Baba Mdogo na kumwambia abaki nazo. Alizifungua, akatoa valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi nyekundu kama makaa madogo vikipata umeme, na akaanza kuunda amplifaya ya kwaya ya parokia yetu. Askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara, na waumini wengi wangekaa nje, mahali ambapo sauti ya kwaya ilikuwa haifiki.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili na nilijifundisha mwenyewe kufungua redio ya nyumbani na kuifunga bila parafujo kubaki. Kwa hiyo niliamini kazi ya kulehemu ni yangu. Kisha akaja Zeno. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu aliyeolewa Liuli, rika langu, na aliteremka kwenye lori akinuka usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa, amebeba kopo la mchanga wa ziwani wa kusugulia sufuria na kopo jingine la rangi ya kijani iliyobaki baba yake alipopaka mtumbwi. Alicheka na kila mtu. Hata mbwa wetu, ambaye mimi alinivumilia tu, alimfuata siku nzima.

Baba Mdogo alitupima. Alipasha nondo ya shaba kwenye jiko la mkaa, akampa kila mmoja wetu aunganishe nyaya mbili. Nikiwa peke yangu mkono wangu ulikuwa mtulivu. Nikitazamwa, ulitetemeka. Tone la lehemu likaangukia gunia na kulitoboa. Zeno aliunganisha za kwake huku akisimulia habari za mamba.

"Mkono wako unacheza, mwanangu," Baba Mdogo akaniambia bila ukali. "Wewe tutengenezee boksi la kuifungia amplifaya. Zeno atalehemu na mimi."

Halafu akaongeza neno lililoniharibia usingizi. Likizo inayofuata angezunguka kwenye parokia, toka kwetu mpaka kule Mbaha ziwani, kutengeneza redio na spika. "Ningewachukua wote, lakini baiskeli yangu ina keria moja. Atakayenifurahisha kwa kazi yake ndiye nitakayempakia."

Tangu hapo sikumtazama Zeno kama ndugu. Nilimwona tayari amekaa kwenye ile keria, miguu inaning'inia, anateremka milima ya Umatengo kuelekea ziwani na Baba Mdogo wangu.

Chuma cha boksi nilikipata kwenye kibao cha duka la ushirika lililokuwa limefungwa. Nilikikata kwa mkasi wa bati mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilikunja pembe kwenye ukingo wa benchi, nikizigonga kwa nyundo iliyofungwa kitambaa ili zisibonyee, na kila pembe niliipima kwa kona ya daftari jipya, kwa sababu daftari la zamani kona zake zimelegea. Nilitoboa mistari ya matundu ya kupitishia joto, na tundu moja lilipokaa nje ya mstari nililia, nikatupa upande mzima, nikaanza upya. Maandishi ya ushirika hayakutaka kutoka kwa msasa wangu uliochakaa. Yalitoka kwa mchanga wa Zeno. Aliniletea kopo mwenyewe, akachuchumaa kunitazama nikisugua kwa maji.

"Dada, hilo jeneza la nani?"

"La mla usipa mmoja."

"Basi panua kidogo," akasema, "huyo mtu anakula sana."

Nilikaribia kucheka, nikajizuia. Niliumia kwamba mchanga ulikuwa wake, na rangi pia, na kwamba alivitoa bila kuhesabu, kama mtu ambaye hana cha kupoteza.

Kupaka rangi wakati wa kumenya kahawa ni kazi ya wendawazimu, maana makapi hupeperuka kila mahali na kunata. Nililiingiza boksi chumbani, nikakataza watu kufagia.

"Hilo boksi ndiyo limekuwa mgonjwa wa nyumba hii?" mama akauliza mlangoni, ufagio mkononi. "Tunyamaze pia, au kuongea kunaruhusiwa?"

Nilipaka mkono wa kwanza, nikasubiri, nikasugua, nikapaka tena, nje na ndani, kwenye kila tundu na kila ukingo. Lilipokauka niliweza kuona meno yangu ndani yake. Siku niliyolibeba kanisani, wanakwaya waliacha mazoezi wakaja kuligusa. Zeno alipitisha kidole kwenye pembe, akakirudisha mwanzo, akapitisha tena. Hilo lilinishibisha.

Asubuhi ya Kipaimara, waumini wakiwa wamekwisha kujaa uwanjani, jenereta ya misheni iliwashwa na amplifaya, sasa ikiwa ndani ya boksi langu, ikavuma. Ulikuwa mvumo mnene, kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Kwaya ilijaribu kuimba, sauti zikamezwa. Baba Mdogo alibadilisha valvu, akatikisa nyaya, jasho likimtoka. Zeno alifumba macho, akaweka kiganja juu ya boksi langu. Mvumo ukabadilika. Akakitoa, ukarudi.

"Mjomba, waya wa ethi, huu wa kuua mvumo, haugusi chuma. Unagusa rangi." Akanigeukia. "Dada, ulipaka mpaka chini ya boliti?"

"Nilipaka kila mahali," nikajibu, na katika sekunde ile nilikuwa bado najivunia.

Baba Mdogo akazima, akalegeza boliti. Zeno akatoa kisu mfukoni. Nilikiona kikielekea kwenye rangi yangu, nikamnyang'anya. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele kwamba gari la Askofu limefika, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nakwangua duara, duara kamili, ukubwa wa washa ya boliti, kwa sababu sikuweza kuvumilia mkwaruzo wa Zeno uliopinda.

"Kwangua tu, mwanangu, hatuchongi kinyago!" Baba Mdogo akanong'ona.

Alipowasha tena palikuwa kimya. Kisha kwaya ikaimba, na wimbo ukafika mpaka kwenye migomba ng'ambo ya barabara.

Jioni Baba Mdogo aliniambia hajawahi kufunga kitu ndani ya boksi zuri namna ile. "Lakini njiani," akasema, "nahitaji mtu wa kusikia redio inaumwa wapi." Likizo ilipofika nilisimama uani nikawatazama wakiondoka. Zeno alinipungia mkono kutoka kwenye keria. Sikumpungia.

Mwaka jana nilimtembelea Zeno kwenye karakana yake Mbamba Bay. Spika zote za wateja zilikuwa za plastiki, zinawaka taa kama harusi, na hakuna hata moja yenye pembe ya kutazamwa mara mbili. Boksi langu, alilopewa parokia iliponunua vyombo vipya, lilikuwa juu ya rafu. Rangi imefifia, pembe bado zimenyooka. Nililigeuza nikatafuta lile duara nikitegemea kutu, nikakuta chuma kinang'aa.

"Nalipaka grisi," Zeno akasema. "Lisije likaharibika, halafu uje unigombeze."

Nilirudi nyumbani kwa basi. Siku hizi ni lami, nilikaa dirishani, kiti changu peke yangu, na ziwa lilibaki chini likimeremeta. Siku hizi nalehemu vizuri, hata nikitazamwa. Lakini tulipompita mzee mmoja akisukuma baiskeli mlimani, nilitazama keria kwanza. Ilikuwa tupu, na nilijikuta nimeshainuka kitini kama vile bado naweza kuiwahi.