Mapigo Ambayo Sikuyahesabu

Nimefundisha biolojia sekondari kwa miaka mingi hapa Dodoma. Kila mwaka tukifika kwenye moyo, wanafunzi wangu hushikana mikono wawili wawili na kuhesabu mapigo. Nawaeleza kwamba moyo una kifundo chake cha nyama, juu upande wa kulia, kinachozalisha umeme mdogo sana. Umeme huo hushuka mpaka vyumba vya chini, navyo hujikaza na kusukuma damu mwilini. Hayo yote nayasema kwa Kiingereza, ndivyo mtaala unavyotaka. Nyumbani sikuwahi kumweleza mtu.

Dada yangu mkubwa aliishia darasa la saba ili mimi niendelee na shule. Analima karanga na alizeti huko kijijini Mlali. Mwaka mmoja, baada ya mavuno, alikuja mjini kunitembelea nyumbani kwangu Nkuhungu na gunia la karanga. Asubuhi moja nikiwa nasahihisha mitihani, alivuta kiti akaketi mbele yangu.

"Mwalimu," alisema. Aliniita hivyo nusu kwa utani, nusu kwa fahari. "Moyo wangu siku hizi unasita. Unanyamaza, naona giza, halafu unarudi kwa kishindo. Juzi nilijikuta nimelala shambani, sijui nimeangukaje."

"Ni jua hilo, dada. Na maji hunywi."

"Hata kivulini hunipata."

"Basi ni upungufu wa damu. Nitakununulia vidonge."

Kalamu nyekundu sikuiweka chini. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya," akaenda uani kubangua karanga. Alikaa kwangu siku nne. Siku zote hizo tulikula sahani moja, mkono wake karibu na wangu, na sikuushika hata mara moja.

Haukupita mwezi, jirani yake akanipigia simu. Dada alikuwa akisonga ugali, akaanguka palepale jikoni, na mkono wake wa kulia ukaingia katikati ya mafiga. Jirani alipofika kumvuta, moto ulikuwa umeshafanya kazi yake.

Alipoletwa hospitali mjini, daktari kijana alimbandika nyaya kifuani, kisha akanionyesha karatasi yenye mistari.

"Huku juu umeme unaanza vizuri," alisema, "lakini haushuki. Vyumba vya chini vinajipigia vyenyewe, polepole mno. Ukimshika tu mkono unagundua. Hajawahi kulalamika?"

"Sikumbuki," nilisema.

Dada alikuwa macho pale kitandani, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Alinisikia. Aligeuza uso akatazama dirishani, wala hakunisahihisha.

Walimpasua kidogo chini ya bega wakamwekea kifaa chenye betri, na waya wake ukapelekwa hadi moyoni uupe ule umeme uliokuwa haufiki. Tangu siku hiyo hajaanguka tena. Mkono ndio haukurudi. Vidole vimejikunja, ngozi imekakamaa, na jembe halishiki. Shamba lake sasa wanalima wengine, yeye anaketi ukingoni akiwaelekeza.

Mwezi uliopita nilikwenda Mlali kumwomba radhi. Nilimweleza yote, hata ule uongo wangu mbele ya daktari.

"Ungejuaje, mdogo wangu?" alisema. "Wewe si daktari."

"Nilijua, dada. Ndiyo kazi yangu, kuyajua hayo."

Nilingoja anikemee, au anisamehe, au aseme lolote. Alikuwa akihangaika na kitambaa chake cha kichwani kwa mkono mmoja, kikimponyoka kila mara.

"Hebu nifunge hiki," alisema hatimaye.

Nilisimama nyuma yake nikamfunga. Nilikaza mno, akaniambia nilegeze.